Meli Humngoja wa Reli

Simu iliwekwa katikati ya mkeka, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na watu waliokuwamo ukumbini wakaiinamia kama wanaochungulia kisima. Upande wa pili alikuwa Haitham, akisema kutoka Korogwe. Adhuhuri ya Alkhamisi ile mataruma ya reli yalikuwa yameporomoka kutoka kwenye behewa yakamwangukia Abrahman, binamu yake, ambaye walikuwa wakifanya naye kibarua cha kukarabati njia ya treni. Abrahman hakufika hospitali. Hayo yalikwisha kusemwa na yalikwisha kuliliwa. Sasa ilibaki habari ya kumleta kwao.

"Ami," Haitham alisema, "boti ya kuja Wete inang'oka Tanga kesho asubuhi. Ikitupita hiyo, nyingine mpaka wiki ijayo. Mie nasema tukodi gari sasa hivi. Wenzetu hapa wamechanga, imebaki nusu. Mkinitumia hiyo nusu, alfajiri tuko bandarini."

Mzee Mjaka, baba wa marehemu, hakujibu habari ya nusu. "Na hao waliomtwika mtoto mataruma wanasemaje?"

"Wanasema ipo treni ya mizigo inashuka Tanga alfajiri. Watatupa nafasi kwenye behewa la nyuma, bure. Lakini ami, treni hii haina saa. Ikiambiwa ipishe, hukaa hapo hapo mpaka watu wakasahau kama ni treni."

"Reli ya Tanga inaishia wapi?"

"Inaishia bandarini, ami, ila..."

"Basi njooni na treni." Mzee Mjaka alinyoosha mgongo. "Meli humngoja wa reli. Huyo nahodha ataambiwa iko maiti njiani, ataiacha? Ntu mzima ataacha maiti gatini? Njooni na treni, nanyi msihangaike na magari ya watu."

Mwanapili, mkewe, alikuwa ameegemea ukuta, leso imembana kichwa. Alisema kwa sauti ndogo, akimwelekea mumewe peke yake: "Baba Abrahman, pesa ya karafuu ipo."

"Ile ni ya khitma."

"Najua ni ya khitma."

"Watu watakuja hapa kutoka Wingwi, watakuja kutoka Vitongoji. Watakaa. Uwape nini, upepo? Mtoto wa Mjaka azikwe kikiwa, watu watie mkono katika sinia tupu?" Kisha akageukia simu. "Haitham! Umesikia?"

"Nimesikia, ami," Haitham alisema, na katika ule unyonge wa sauti yake kila mtu ukumbini alisikia kwamba alitaka kusema zaidi, lakini hapa aliyekuwa akisema ni baba.

Mwanapili naye angeweza kusema zaidi. Hakusema, na si kwa kumwogopa mume tu. Hata yeye aliiamini ile kauli. Mzee Mjaka alifanya kazi ya kushika kamba za meli katika gati ya Wete tangu hajaota ndevu, na mara kwa mara akivuka na meli mpaka Tanga. Aliijua stesheni ya kule iliyokaa ikiitazama bahari, reli zikiteremka kutoka stesheni mpaka ukingoni mwa maji, abiria wakishuka behewani na moshi ungali kolani mwao, wakitembea na mabunda yao mpaka chomboni bila ya kuuliza njia. Treni ikichelewa, mkuu wa stesheni alimtuma mtu mbio kwa nahodha, na meli ikakaa. Watu wa Pemba waliokwisha panda wakanuna, wakala maembe yao, wakanuna tena, meli haikung'oka. Siku moja injini iliharibika Ngomeni na meli ikangoja mpaka jua likapinduka. Katika behewa lile alikuwamo kijana wa Kisambaa anayekuja kuchuma karafuu msimu mmoja tu. Yule ndiye aliyekuja kuwa baba yake Mwanapili. Mtu aliyezaliwa kwa sababu meli ilingoja, atasemaje kwamba meli haingoji?

*

Asubuhi vijana wa mtaa walibeba majembe kwenda makaburini, na Mzee Mjaka akavaa kanzu kwenda kwenye ofisi ya boti. Wanawake walimkataza Mwanapili kutoka. Alivuta buibui akamfuata mumewe mteremko mzima wa kwenda bandarini, nyuma yake kwa hatua chache, kama wanaokwenda kudai haki ya mtu mwingine.

Ofisini alikuwamo Hija, kijana wa dirishani, mwenye shati la kampuni lililopigwa pasi vizuri. Aliwaamkia kwa adabu. Habari ya msiba alikwisha kuisikia.

"Mola amrehemu, mzee. Maiti imeshakatiwa?"

"Imeshakatiwa nini?"

"Tiketi."

"Kuna tiketi ya maiti siku hizi?"

Hija alijikuna shingo. "Inakatwa upande wa mizigo, mzee. Kwa kilo."

Mzee Mjaka alimtazama. "Kwa kilo."

"Si mie, mzee wangu. Mashine ndiyo ilivyo. Ina mtu mzima, ina mtoto, ina mzigo. Haina pa kubonyeza maiti."

Nyuma yao walikuwapo watu wanaongoja kukata tiketi za Unguja, na mwanamke mmoja aliyekuwa na tenga la kuku. Wote walisikia. Mwanapili aliona shingo ya mumewe ikiwiva.

"Utakata mzigo, ubandike na karatasi," Mzee Mjaka alisema. "Sawa. Mie sikuja kwa hilo. Nakutaka umpigie simu nahodha. Mwambie iko maiti inakuja na treni, angoje. Mwambie ni Mjaka, mshika kamba wa Wete."

"Boti haingoji, mzee. Ina saa zake, ikizidisha gatini inatozwa. Na nahodha mwenyewe kijana wa juzi, jina lako ukimtajia atadhani wataka kuazima kamba."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, kisha akakumbuka msiba, akakohoa.

"Mpigie, baba," Mwanapili alisema. Ndiyo kauli yake ya kwanza tangu kuingia. "Weye una mama."

Hija alipiga. Alizungumza na ofisi ya Tanga, akieleza taratibu, akirudia mara mbili neno maiti kwa vile upande wa pili kulikuwa na kelele. Alisikiliza, akaitikia, akaweka simu chini.

"Wanasemaje?" Mzee Mjaka aliuliza.

"Wanasema wataona."

"Umewasikia?" Mzee Mjaka alimgeukia mkewe, na uso wake wote ukafunguka. "Wataona. Si nilikwambia?"

Mwanapili alimtazama Hija. Hija alikuwa ameinamia droo, anatafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Walipofika nje, binti yao Ruweida aliwakuta na simu mkononi, anatweta. Haitham alikuwa hewani. Treni imesimama Muheza, alisema. Inapisha nyingine. Dereva hajui ni mpaka saa ngapi. Ami, kuna pikipiki hapa, kuna magari, tufanyeje?

"Kaeni hapo hapo na maiti yenu," Mzee Mjaka alisema kwa sauti ya furaha iliyomtisha Mwanapili kuliko kilio. "Nimeshasema nao. Wanawangojea."

Baada ya hapo simu ya Haitham haikupatikana tena.

*

Nyumba yao ilikuwa ubavuni mwa barabara inayopanda kutoka bandarini, na dirisha la chumba cha mbele lilitazama kila mtu anayeshuka na kila mtu anayepanda. Wanawake walijaa humo ndani, wengine wanasoma, wengine wanasukuma maneno.

"Kaburi wamelimaliza," alisema Mwanawema, wifi yake Mwanapili, anayekaa nyumba ya pili. "Wamelichimba likachimbika, udongo laini. Ishara njema hiyo."

"Mngengoja kwanza chombo kifike," bibi mmoja alisema.

"Kingengojwa nini na Ijumaa hii? Boti ikishusha, anaswaliwa na umma mzima, anazikwa. Ntu apate bahati gani tena?"

Saa za boti zilipokaribia, wanaume walishuka na jeneza la msikiti. Walilibeba kwa kukimbia kidogo, kama desturi, likiwa tupu na limefunikwa shuka lake la kijani. Mzee Mjaka alitangulia mbele. Mwanapili aliona kisogo chake na kofia yake ya viua, akaona jinsi alivyokuwa akinyoosha mkono kuwasogeza watu njiani, mtu mwenye shughuli yake.

Honi ya boti ilisikika. Ukumbini kisomo kilipanda. Mwanapili alisimama dirishani akashika nondo kwa mikono miwili. Aliwaona abiria wa mwanzo wakipanda: mabegi, magunia ya viazi vya Lushoto, mtoto aliyelala begani. Kila aliyepita, Mwanapili alimtazama usoni, kutafuta kama amesafiri na msiba. Hakuna aliyekuwa na uso huo. Mmoja alikuwa anakula karanga.

Kisha jeneza likaja, limebebwa, limefunikwa lile shuka lake.

Sasa katika Pemba yote hakuna mtu anayeona jeneza linapita akaendelea na lake. Muuza madafu aliacha toroli lake katikati ya barabara. Vijana wawili wa bodaboda waliegesha pikipiki. Mwalimu mmoja aliyekuwa akitoka shule alimkabidhi mwenzake mkoba. Wote walikimbia kuupata mti wa jeneza, kila mmoja anataka kutia bega lake apate thawabu, na waliokuwa wamelibeba wanawapisha kwa sababu mtu hamzuii mwenziwe thawabu. Waliitikia la ilaha illa llah kwa sauti za watu ambao hawajui.

Chini kabisa ya dirisha, yule muuza madafu alitia bega. Jeneza likaruka juu kwa nguvu zake, karibu limtoke.

"Ah! Mbona jepesi?" alisema. "Mtoto huyu?"

Alimtazama mwenzake wa mbele, mwenzake akatazama chini. Muuza madafu alielewa. Lakini bega lake alikwisha litia, na kulitoa sasa ilikuwa aibu zaidi, basi aliendelea kulibeba, yeye na wenzake wote, wakipanda mlima na shuka na mbao, na la ilaha illa llah ikawa inafifia mdomo mmoja baada ya mwingine mpaka zikasikika ndara za miguuni tu.

Mwanapili hakulia. Aliendelea kushika nondo mpaka Ruweida alipomwendea akamfungua vidole.

*

Haitham alipatikana watu wakijitayarisha kwenda kuswali Ijumaa. Mara hii Mzee Mjaka alikuwa ameketi kwenye mkeka, kofia iko mapajani, na Shehe Abdulsamad, imamu wa msikiti wao, amekaa karibu yake.

"Nilizima simu, ami," Haitham alisema. "Nisamehe. Sikuwa na ulimi."

"Ilikuwaje?" Shehe aliuliza.

"Tulifika. Tulifika, shehe, ndilo linaloniuma. Treni inaingia stesheni na boti naiona hii hapa, inageuka. Pale ukisimama bahari yote iko mbele yako. Nilishuka nikakimbia kufuata reli mpaka zilipokwisha kwenye majani. Siku hizi hazifiki gatini, mbele kuna ukuta na lango, na askari anataka kitambulisho. Nilivua shati nikawapungia. Wakanipungia na wao, shehe. Abiria. Walidhani naaga ntu."

Shehe aliisogeza simu karibu na Mzee Mjaka, na Haitham akaendelea:

"Sasa masheikh wa hapa wamekuja, Mungu awalipe, wameleta sanda, wameleta kila kitu. Wanasema azikwe leo baada ya Ijumaa, hali yake haitaki kungoja. Au hospitali watuwekee kwenye barafu mpaka boti ya wiki ijayo. Wanataka neno. Ami, nipe neno."

Mzee Mjaka alifungua mdomo. Watu walingoja. Alikuwa mtu wa maneno. Harusini yeye ndiye msemaji, kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba yeye ndiye huitwa. Aliikunjua kofia yake, akaikunja, akaikunjua.

"Mjaka," Shehe Abdulsamad alimwambia taratibu, "kumharakisha maiti ni sunna. Ila mwana ni wako."

"Meli..." alisema Mzee Mjaka, na hapo akakwama.

Mwanapili alitoka upande wa wanawake, akapita katikati ya magoti ya wanaume, akainama akaokota simu. Alizima ile sauti kubwa, akaiweka sikioni. Hakutaka ukumbi uisikie.

"Haitham. Mie mama yako hapa. Nambie kweli, yukoje?"

Walimwona anasikiliza. Walimwona anafumba macho na kuyafumbua.

"Na uso?"

Akasikiliza.

"Nani atashuka naye kaburini? Weye? Sio wageni, weye mwenyewe? Umshike upande wa kichwa. Haya. Usilie, baba, ukilia hutomshika vizuri." Aliupa ukumbi mgongo. "Mzikeni."

Alimrudishia Ruweida simu. Ruweida aliuliza kwa kunong'ona kama amwambie Haitham apige video, angalau auone uso. Mwanapili alitikisa kichwa. Alikuwa amemtaka mwanawe arudi, na kioo cha simu si kurudi.

*

Walimswalia marehemu asiyekuwapo, kisha wengi wakatawanyika. Waliobaki walibaki kwa ajili ya wali. Mzee Mjaka aliamrisha khitma isomwe na watu wale vizuri, na watu walikula vizuri, nyama haikupungua, wageni wa Wingwi wakasifu. Mwanapili alisikia masinia yakipita mlangoni. Alijaribu kuhesabu moyoni ni sinia la ngapi ambalo lingetosha kuwa gari la kutoka Korogwe, akaacha. Hakujua mumewe aliinyima gari ile pesa kwa imani au kwa ubahili wa mwenye jina. Pengine hata mwenyewe hakujua.

Baada ya alasiri minong'ono ikaanza upya.

"Kaburi li wazi."

"Haliachwi likalala wazi. Kaburi tupu huita."

"Litiwe mgomba, lifukiwe, liwe limeshapata wake."

"Nani atakwenda?"

Wale vijana waliolichimba asubuhi walikuwa na udhuru, kila mmoja na wake. Kuchimba kuna thawabu. Kumzika mgomba ni kazi ya nani? Mwanapili alichungulia uani akamwona mumewe anakata mgomba kwa panga, peke yake, kanzu ameikunja kiunoni. Alijitwika kipande begani, akachukua jembe, akatoka kwa mlango wa nyuma bila ya kumwita mtu.

Mwanapili alingoja kidogo. Kisha alisimama akatafuta buibui lake.

"Wapi?" Mwanawema aliuliza.

"Makaburini."

"We Mwanapili! Mwanamke haendi kuzika!"

"Kumzika nani?"

Mlangoni alikutana na Shehe Abdulsamad, aliyekuwa anavaa viatu vyake aende zake. Alisikia yote. "Bi Mwanapili," alisema, "rudi ndani, mama. Subiri. Huko si pako."

"Nisomeshe, shehe. Kule kuna maiti?"

"Hakuna."

"Basi kinanizuia nini?"

Shehe alikuwa mtu mwenye elimu, na aliitafuta elimu yake pale pale mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Kisha akasogea pembeni, akampisha.

Alimkuta mumewe ndani ya shimo. Kilichoonekana juu ni kofia na mabega. Alikuwa ameulaza mgomba katika mwanandani, pale pembeni pa kuwekea maiti, akauegemeza vizuri kama inavyopasa, na sasa alikuwa anajaribu kupanda na hawezi. Udongo wa ukingoni ulikuwa unamomonyoka kila akiushika. Kucha zake zilikuwa nyekundu kwa udongo.

"Nimeshuka, kupanda siwezi," alisema.

Mwanapili alisimama ukingoni. Hakutoa mkono.

"Sema basi, Mama Abrahman. Tangu asubuhi hujasema. Sema ni mie."

"Ni weye," Mwanapili alisema. "Na mie. Nilikaa kimya."

Mzee Mjaka aliweka paji la uso kwenye ukuta wa kaburi. Mabega yakamtikisika. Mwanapili alimwacha alie mle ndani, maana ndipo mahali alipochagua, na alipomaliza alipiga magoti, akamshika kwa mikono miwili chini ya makwapa, akamvuta, mzee na kanzu yake, mpaka wote wawili wakaanguka juu ya lundo la udongo.

Hawakupumzika. Yeye alishika jembe, mumewe akasukuma kwa mikono. Udongo ulikuwa laini kama alivyosema Mwanawema, ukaingia wote bila ya taabu, na juu likabaki tuta, refu, limelala kuelekea kibla, kama walivyolala jirani zake. Mzee Mjaka alianza kulisawazisha pembeni kwa viganja, akalipapasa, akatafuta jiwe la kuweka kichwani.

Mwanapili alivua ndara. Alipanda juu ya tuta akaanza kukanyaga, mguu huu na mguu huu, kwa uzito wake wote, udongo ukizama chini yake.

"Unafanya nini?" Mzee Mjaka alipiga ukelele, jiwe mkononi. "Unakanyaga kaburi, mwanamke!"

"Kaburi liko Tanga," alisema, na akaendelea kukanyaga mpaka pale mahali pakawa sawasawa na ardhi.